Neno 'Mock' la Kiingereza na Visawe Vyake vya Kiswahili: Kuiga, Kucheka na Kudhihaki

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtatiza mwanafunzi wa tafsiri, 'mock' lina nafasi ya pekee kwa sababu kwa sura halionyeshi ugumu wowote. Mwanafunzi wa Kongo aliyesomeshwa kwa Kifaransa hulitambua upesi kuwa ni ndugu wa 'se moquer'. Akifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, hukuta amepangiwa visawe vya jamii ya dhihaki, kejeli na fanyia mzaha. Basi huchagua kimoja kinachoelekea kufaa, akaendelea na kazi yake bila ya kushuku kwamba ameacha jambo nyuma.

Makala hii inakusudia kuonyesha jambo hilo ni lipi. Hoja yake ni kwamba 'mock' hubeba kwa pamoja mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga: kuiga na kushusha hadhi. Msemaji wa Kiingereza anaweza kulitumia neno hilo bila ya kusema ni lipi kati ya mawili hayo linalotawala. Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Analazimika kuamua kama mtu aliyetajwa aliiga tu, alicheka tu, au aliiga ili amwaibishe mwenzake. Uamuzi huo si suala la msamiati peke yake, bali ni hukumu inayotolewa juu ya nia za watu, na katika historia ya nchi zetu hukumu ya namna hiyo imewahi kutolewa kwa haraka mno. Kwanza utachunguzwa utumizi wa neno lenyewe katika Kiingereza, kisha msamiati wa Kiswahili, halafu mifano mitatu: Biblia, tamthilia ya Shakespeare, na ngoma za Beni na Kalela.

Asili na utumizi wa 'mock'

Kiingereza kililipokea neno hili kutoka Kifaransa cha kale katika karne ya 15. Tangu hapo ndugu hao wawili wamefuata njia mbalimbali. Kifaransa kimekipa kitenzi chake maana ya kutojali: Mfaransa asemaye kwamba anajimoki na jambo fulani huenda hamcheki mtu yeyote, bali jambo hilo halimshughulishi. Maana hiyo haimo katika Kiingereza. Kwa upande mwingine, Kiingereza kimekuza maana ya kuiga, na hapo Kifaransa hakikukifuata kwa kiasi kilekile.

Matumizi ya Kiingereza yaweza kupangwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la kumfanya mtu kichekesho kwa maneno au kwa vitendo. Kundi la pili ni la kuiga sauti, mwendo au sura ya mwingine. Mfano ulio wazi ni yule ndege wa Marekani aitwaye 'mockingbird', ambaye wataalamu wa viumbe humwita kwa Kilatini Mimus polyglottos, yaani mwigaji wa lugha nyingi. Riwaya ya Harper Lee ya mwaka 1960 imemfanya ajulikane hata kwa watu wasiowahi kumwona. Ndege huyo huiga milio ya ndege wengine, lakini hamdhihaki yeyote. Mfasiri ambaye angemwita 'ndege mwenye dhihaka' angempachika nia asiyokuwa nayo.

Kundi la tatu ni la kivumishi, ambapo neno hutaja kitu kilichofanywa kwa mfano wa kitu halisi. Wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania hufanya mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, nao huuita kwa jina hilohilo la Kiingereza. Mtihani huo haumkejeli mtu, wala haumaanishi kwamba ule wa taifa ni mzaha. Kadhalika wanafunzi wa sheria huendesha kesi ya mfano ili wajifunze kazi ya uwakili. Ajabu ni kwamba Kiingereza hutumia maneno ya shina hilohilo kuishutumu mahakama ambayo imekwisha kuamua hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Kesi ya kwanza ni mazoezi ya haki, ya pili ni kiini macho. Kinachoziunganisha ni kuiga: zote mbili zina umbo la kesi, na zote mbili si kesi. Kinachozitenga ni nia, nayo haionekani katika shina la neno.

Itambulike pia kwamba Kiingereza kina maneno mengine ya kicheko kiumizacho. 'Deride' na 'ridicule' yametoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kucheka; 'jeer' ni kelele za kundi; 'sneer' huonekana usoni. Miongoni mwa hayo yote, 'mock' ndilo lenye kuchanganya zaidi kicheko na uigaji.

Msamiati wa Kiswahili

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Tatizo ni kwamba utajiri wake hupangwa katika kamusi za lugha mbili kama orodha ya visawe, tangu kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi ile ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996. Orodha humwambia msomaji kwamba maneno haya yanakaribiana. Haimwambii yanapoachana.

Neno la msingi ni kucheka. Shina lake ni la Kibantu, na wasemaji wa Kongo hulikuta kwa sura ya kuseka katika Kiluba, na ya koseka katika Lingala. Sarufi yake inastahili kuangaliwa kwa makini. Katika 'alicheka' hakuna aliyeumizwa. Katika 'alimcheka' yupo. Kiambishi kimoja cha mtendwa kimetosha kuigeuza furaha ikawa aibu, bila ya kuhitaji kitenzi kingine wala kihusishi. Hakuna kamusi inayoweza kulifunza jambo hilo kwa kuorodhesha visawe, kwa kuwa dhihaka hapa haimo katika neno bali katika mahusiano ya neno na mtu.

Dhihaki ni neno la asili ya Kiarabu, nako pia shina lake lina maana ya kucheka. Lilipoingia katika Kiswahili lilikuta kitenzi cha kucheka kimekwisha kuwapo, likaachiwa sehemu ya aibu peke yake. Hali hiyo inafanana na ya Kiingereza, ambacho kilikuwa na kitenzi chake cha kucheka, kisha kikatwaa maneno ya Kilatini kwa ajili ya kicheko cha dharau. Kila lugha iliazima neno lake rasmi la kudhihaki kutoka katika lugha ya elimu na ya dini iliyokuwa jirani nayo.

Yako mengine ambayo kila moja lina mahali pake. Kukejeli ni kazi ya maneno: msemaji hutamka jambo kwa sauti ya heshima huku akikusudia kinyume chake. Kukebehi hutangaza ubaya wa mtu. Kubeza hupunguza thamani ya kitu, na chaweza kufanyika pasipo kicheko chochote. Kubetua midomo ni kwa uso, kuzomea ni kwa umati, kusimanga ni kwa mfadhili anayekumbusha fadhili zake ili zimchome aliyezipokea. Kumchezea mtu shere ni kumfanya mjinga kwa kujifanya rafiki yake. Hapo dhihaka na udanganyifu huwa kitu kimoja.

Mbali na hayo yote upo utani. Mwaka 1940 Radcliffe-Brown alichapisha makala mashuhuri juu ya mahusiano ya namna hii, na tangu hapo yamechunguzwa sana katika Afrika. Kitenzi kutania hupenda kauli ya kutendana: watu hutaniana. Mtani anayetukanwa ana haki ya kujibu, naye anayetukana anajua kwamba atajibiwa. Haki hiyo ya kujibu ndiyo mpaka kati ya utani na dhihaka. Inapoondolewa, maneno yaleyale hubadilika, na ndiyo maana wahenga wakaonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Jambo linalodhihirika katika orodha hii ni kwamba hakuna neno hata moja ambalo msingi wake ni kuiga. Kiswahili kina kuiga, na kwa kauli ya kutendesha kina kuigiza, kitenzi kilichozaa maigizo ya jukwaani. Lakini kuiga kwenyewe hakuna lawama. Mtoto humwiga mama yake, mwanafunzi humwiga mwalimu. Ili uigaji uwe dhihaka, Kiswahili hutaka jambo hilo litamkwe: alimwiga kwa kumdhihaki.

Mfano wa Biblia

Katika Injili ya Marko, askari wanamvika Yesu vazi la zambarau na taji la miiba, wanampigia magoti, wanamsalimu kama mfalme. Kila tendo ni heshima halali iliyoigwa. Kiingereza cha tafsiri ya mwaka 1611 kimesema 'mock', na Kiswahili cha Union Version ya mwaka 1952 kimetumia kudhihaki. Katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya 6, Paulo anasema kwamba Mungu hafanyiwi jambo la namna hii, na tafsiri zote mbili zimerudia vitenzi vilevile.

Lakini Kigiriki kina vitenzi viwili. Katika Marko ni 'empaizo', kilichojengwa juu ya kucheza. Katika Wagalatia ni 'mukterizo', kilichotokana na jina la pua, yaani kumkunjia mtu pua. Kitenzi cha kwanza kinaeleza mchezo unaochezwa juu ya mtu, cha pili kinaeleza uso wa dharau. Kiswahili kilikuwa na nyenzo za kuvitofautisha: kumchezea mtu hulingana na kile cha kwanza hata kwa umbo, na kubeza au kubetua midomo hukaribia kile cha pili. Hii haina maana kwamba watafsiri walikosea. Kudhihaki kuna uzito wa ibada, na kumchezea kungeweza kuonekana chepesi mno kwa mateso ya msalaba. Hata hivyo ni halali kusema kwamba palipokuwa na picha mbili sasa ipo moja, na kwamba msomaji wa Kiswahili haonyeshwi tofauti ambayo lugha yake ingeweza kuibeba.

Kaizari na hofu ya kuchekwa

Tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar ilitafsiriwa na Julius Nyerere mwaka 1963, akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 alitoa pia Mabepari wa Venisi. Kwa hiyo suala la kuyatamka maneno ya Shakespeare kwa Kiswahili si geni, na swali linaloulizwa hapa linamhusu kila mtafsiri atakayeirudia kazi hiyo.

Katika onyesho la pili la sehemu ya pili, mke wa Kaizari ameota ndoto ya damu, na Kaizari amekubali kubaki nyumbani. Decius, mmoja wa wala njama, anakuja kumchukua. Kwanza anaifasiri ndoto upya kuwa ya heri. Kisha anadokeza kwamba Baraza linataka kumpa taji, na kwamba akikosa kufika, mtu anaweza kupata 'mock' ya kusema: baraza na liahirishwe mpaka siku ambayo mke wa Kaizari ataota ndoto nzuri zaidi. Kaizari anaona aibu ya woga wake, anadai joho lake, anakwenda kuuawa.

Hapa neno moja linabeba tamthilia. Mtu ambaye ushauri wa mkewe ulikwisha kumzuia anasukumwa nje ya mlango na kicheko ambacho bado hakijachekwa. Mtafsiri akiandika mzaha, hatari hupotea, kwa sababu mzaha unaweza kusamehewa, na Kaizari angeonekana mtu wa kususia maneno madogo. Akiandika dhihaka, aibu hupatikana, lakini umbo hupotea. Maana kichekesho cha Decius kina umbo maalumu: ni tangazo rasmi la kuahirisha kikao lililoigwa, lenye heshima nje na sumu ndani. Neno la Kiswahili linalotaja umbo hilo ni kejeli. Kejeli hubaki katika hewa ya Baraza, huheshimu kwa ulimi na kuangusha kwa maana. Ndiyo silaha ambayo mtawala hawezi kuikamata, kwani aliyeitamka anaweza kudai kwamba hakusema neno baya.

Katika onyesho la pili la sehemu ya kwanza, kitenzi kilekile kinatumika juu ya Cassius, ambaye hutabasamu kwa nadra, tena kama mtu anayejifanyia hivyo yeye mwenyewe. Kejeli hapa haifai, kwa kuwa hakuna maneno. Na kujicheka hakutoshi, kwa kuwa kicheko hakisikiki. Kujibeza hukaribia zaidi. Kwa hiyo katika tamthilia moja 'mock' hudai angalau maneno mawili ya Kiswahili, na anayeshikilia neno moja kwa ajili ya usawa wa istilahi atakuwa amepoteza usawa wa maana.

Tamthilia nyingine za Shakespeare hupanua tatizo. Katika Macbeth, iliyotafsiriwa na S. S. Mushi kwa jina la Makbeth mwaka 1968, mwuaji anaazimia kuwafanyia watu 'mock' kwa sura ya ukarimu. Hapo hakuna kicheko kabisa. Kuna udanganyifu, na kuwachezea watu shere ndiko kunakokaribia. Katika Henry V, mwana wa mfalme wa Ufaransa amemletea Henry mipira ya tenisi ili kumwonyesha kuwa bado ni mtoto. Henry anajibu kwa kukirudia kitenzi hicho hadi kinapata nguvu ya kuwatenga wake na waume zao na kuangusha ngome. Kiswahili hakiwezi kukipa kitenzi kimoja kazi hiyo. Kitahitaji viwili, cha kudhihaki na cha kunyang'anya. Lakini kikifanya hivyo kitasema wazi jambo ambalo Kiingereza kimelificha katika mchezo wa maneno, yaani kwamba dhihaka ya mkubwa mmoja hulipwa kwa damu ya wanyonge wengi.

Beni na Kalela: je, mwigaji anadhihaki?

Mifano iliyotangulia ni ya vitabuni. Ifuatayo inawahusu watu waliocheza na kuimba, nayo inafika Katanga. Ngoma ya Beni ilianza katika pwani ya Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19. Wachezaji walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakaiga bendi na kwata za Wazungu. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, ngoma hii ilienea barani pamoja na askari, wapagazi na vibarua, hata ikafika katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na Katanga.

Ilipotazamwa na wageni, swali lilikuwa daima moja: je, watu hawa wanatusifu kwa kutuiga, au wanatucheka? Kiingereza kilikuwa na neno linaloruhusu swali hilo lisijibiwe. Kusema kwamba wachezaji walifanya 'mock' ya jeshi la Wazungu kunaweza kumaanisha waliliiga, au walilidhihaki, au yote mawili. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya Beni, alionyesha kwamba ngoma hiyo haieleweki kwa kuwatazama Wazungu peke yao: ilikuwa pia katika mkondo wa mashindano ya ngoma ya pwani, ambamo kundi hushindana na kundi kwa fahari, mavazi na maneno ya kuchoma. Aliyelengwa kwa kejeli aghalabu alikuwa mpinzani wa mtaa wa pili.

Kalela hutoa ushahidi ulio wazi zaidi. J. Clyde Mitchell aliichunguza huko Luanshya, akachapisha utafiti wake mwaka 1956. Wachezaji wake, Wabisa wafanyao kazi migodini, walivaa nadhifu kwa mtindo wa Kizungu, na miongoni mwao alikuwamo mwenye cheo cha mfalme na mwenye cheo cha daktari. Nyimbo zao ziliyasema makabila mengine ya mjini. Mitchell alilifasiri vazi hilo kuwa ni alama ya kutamani hadhi, na maneno hayo akayahusisha na utani wa makabila. Kwa Kiswahili mgawanyo huu hutamkika bila ya shida: walimwiga Mzungu pasipo kumdhihaki, na waliwatania majirani pasipo kuwaiga. Neno 'mock' lingeyafunika matendo yote mawili, na kwa kuyafunika lingeyapotosha yote mawili.

Mhakiki wa maigizo ya Lubumbashi hukutana na swali lilelile. Kikundi cha Mufwankolo, ambacho Johannes Fabian alikichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990, kimejipatia jina kwa kuigiza wakubwa na wadogo wa jamii katika Kiswahili cha mji huo. Kuyaita maigizo hayo yote dhihaka ni kuwatwisha waigizaji shitaka. Kuyaita yote mzaha ni kuwanyima ujasiri wao.

Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu, mfasiri akutanapo na 'mock' anashauriwa kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua kamusi. La kwanza: je, kuna kuiga, na kama kuko, nani au nini kinaigwa? La pili: dhihaka inatendwa kwa chombo gani, kicheko, maneno, uso, au hila? La tatu: je, aliyetendewa ana haki ya kujibu? Jibu la swali la kwanza litamwongoza kati ya kuiga na kudhihaki. La pili kati ya kucheka, kukejeli, kubeza na kuchezea shere. La tatu kati ya yote hayo na kutania.

Watunga kamusi nao wangeweza kusaidia kwa kuambatanisha kila kisawe na mfano mmoja unaoonyesha nani anamtendea nani. Waalimu wa fasihi, kwa upande wao, hawana sababu ya kuwafunza wanafunzi kwamba Kiswahili kimepungukiwa kwa kuwa hakina neno moja linalolingana na 'mock'. Kukosa neno hilo kunamlazimu mhakiki kusema waziwazi kama mtu aliyemwona jukwaani alikuwa akiiga, akitania au akidhihaki, na kuwa tayari kuitetea kauli yake mbele ya mtu huyo.